Useme au uandike? Mwongozo kamili wa mawasiliano ya skwadi, kutoka Lubumbashi

Tulikuwa tunacheza mchezo wa vita kwenye simu. Skwadi yetu, yaani timu yetu, ilikuwa bado na watu wanne, na uwanja mzima ulikuwa na watu tisa tu. Wenzangu wawili walikuwa juu ya kilima, nyuma ya mwamba mzuri. Mimi nilikuwa chini, kwenye kibanda, nachunga barabara. Mikro yangu, yaani maikrofoni, ilikuwa wazi tangu mwanzo wa mechi, maana siku zile niliona uvivu kuibonyeza kila nikitaka kusema. Mama akapaza sauti kutoka jikoni: “Kuya hapa! Kuya hapa mbio!” Bukari, yaani ugali, ilikuwa tayari, na yeye hana habari na skwadi ya mtu. Wale wawili wakasikia sauti kali inayowaita, wakaacha mwamba, wakateremka mbio kuja kwangu. Hata nusu ya njia hawakufika. Wa nne wetu, kijana wa Bukavu, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kwa adabu (kwetu “yaya” ni ndugu mkubwa): “Yaya, ni nani ule mama ametuita?”

Tangu usiku ule siulizi tena kipi bora, sauti au maandishi. Nauliza habari yenyewe itaishi muda gani. Inayokufa baada ya sekunde tatu, isemwe. Inayoonyesha mahali, iwekewe alama ndani ya mchezo. Inayotakiwa kubaki mpaka kesho, iandikwe. Ila nyumba yako, laini yako na mfuko wako vina neno kabla ya hayo yote, kwa hiyo tuanze navyo.

Hatua ya 1: Sikiliza nyumba yako

Chagua saa unayocheza kwa kawaida, tuseme saa mbili usiku. Weka simu pale pale unapokaa, fungua kinasa sauti, iache dakika mbili huku umenyamaza. Kisha vaa hedifoni usikilize. Utashangaa. Masikio yetu yamezoea jenereta ya jirani, muziki wa nganda, yaani baa, ya pembeni, maombi ya jioni na mtoto anayelia, hata hatuyasikii tena. Mikro haijazoea kitu.

Ukisikia kelele moja tu ya mbali, unaweza kutumia sauti bila wasiwasi. Ukisikia tatu, wewe ni mtu wa kubonyeza-ndiyo-useme, au mtu wa kuandika. Usione haya. Katika skwadi yangu, anayeheshimiwa kuliko wote ni kijana wa Kampemba anayelala chumba kimoja na wadogo zake watatu. Hajawahi kufungua mikro hata mara moja, na bado ndiye tunayemfuata.

Hatua ya 2: Pima laini

Kwenye kona ya kioo, michezo mingi huonyesha pingi, yaani milisekunde ambazo habari yako inatumia kwenda kwenye seva, kompyuta inayoendesha mchezo, na kurudi. Iangalie mechi tatu mfululizo. Kinachokuhusu zaidi ni kama inatulia. Pingi ya 200 iliyotulia inavumilika. Ile inayoruka kutoka 90 hadi 400 na kurudi itakata maneno vipande vipande, na neno lililokatwa ni baya kuliko kimya.

Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake la G.114, unasema mazungumzo huwa ya kawaida kama sauti inasafiri upande mmoja kwa milisekunde 150 au pungufu, na ikizidi 400 mpango wote umeharibika. Sasa fikiri. Sauti yako haitoki Katuba kwenda Kenya (hizi ni komini, yaani wilaya za mji wetu, si nchi) moja kwa moja, ingawa kutoka komini moja hadi nyingine ni mwendo wa miguu. Mkicheza kwenye seva ya Ulaya, kwa kawaida maneno yako yanapanda mpaka Ulaya ndipo yanashuka kwa mwenzako. Nusu ya pingi yako, jumlisha nusu ya pingi yake, jumlisha kazi ya simu zote mbili kufunga na kufungua sauti: mkiwa wote kwenye 200, mmeshapita 150 kabla hata ya kuhesabu kitu kingine. Ndiyo maana watu wawili wanaanza kusema kwa pamoja, wananyamaza kwa pamoja, wanaanza tena kwa pamoja.

Kwa hiyo, pingi ikiwa juu, msijibizane kwa sauti. Mmoja anatangaza, wengine wanajibu kwa alama. Na mkiwa chumba kimoja, zimeni mikro zote, mwambiane kwa mdomo. Simu mbili zilizo wazi pembeni kwa pembeni hupiga mwangwi unaoumiza masikio ya yule aliye mbali.

Kuna jambo lingine, dogo lakini linauma. Simu ya kawaida ikiita katikati ya mechi, laini nyingi hushuka kutoka 4G kwenda 3G au 2G ili kuipokea, na mchezo unakwama hapo hapo. Kuzima mlio hakusaidii, maana laini imeshashuka. Mimi kwenye simu ya kuchezea nimeweka laini moja tu, namba ambayo shangazi zangu hawaijui.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mega, yaani data

Chukua Discord, programu ya mazungumzo ya wachezaji, ambayo chaneli yake ya sauti kwa kawaida imewekwa kilobiti 64 kwa sekunde. Hiyo ni baiti 8,000 kila sekunde, sawa na megabaiti karibu 29 kwa saa nzima ya mtu mmoja kusema bila kupumua. Sauti inatumwa kwa vipande vidogo, kama 50 kila sekunde, na kila kipande kinabeba anwani yake. Anwani hizo peke yake huongeza megabaiti 7 hivi. Jumla ni 36 kwa saa. Mwenye kundi hapo Discord anaweza kushusha chaneli hadi kilobiti 32, na kwa maneno matupu inatosha kabisa. Hapo unabaki na 22 hivi.

Hakuna anayesema saa nzima, kwa hiyo kwa kweli utatumia chini ya hapo. Isipokuwa umeacha mikro ijifungue yenyewe ikisikia sauti. Jenereta ya jirani ni sauti. Simu itaituma yote, dakika baada ya dakika, na wewe utalipia mega za kusafirisha mngurumo mpaka ng'ambo.

Maandishi ni bure ukilinganisha. Herufi moja ni baiti moja, na hata ukiongeza anwani zake, ujumbe 100 haufiki robo ya megabaiti. Usiniamini mimi: fungua mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, soma namba ya mchezo wako, cheza mechi moja kwa sauti na nyingine bila sauti, kisha soma tena. Kila mtu ana jibu lake.

Hatua ya 4: Tengeneza mikro

Hedifoni ya waya ya bei ndogo inashinda ya Bluetooth ya bei kubwa, kwa kazi hii. Bluetooth ikiwasha mikro yake, simu hubadili namna ya kupitisha sauti: muziki mzuri uliokuwa ukiusikia unageuka kuwa sauti ya redio ya zamani, nyayo za adui zinapotea, na unaongezewa ucheleweshaji. Ukiwa na waya, mikro iwe chini ya kidevu, isikwaruze shati.

Chagua kubonyeza-ndiyo-useme kila mahali mchezo unapokuruhusu. Kisha angalia chaneli. PUBG Mobile, kwa mfano, inatenganisha kusikia na kusema, na kila upande unaweza kuchagua timu peke yake au watu wote walio karibu. Weka timu pande zote mbili. Nimeshasikia watu wakipanga shambulio zima kwenye chaneli ya wote, na adui yuko nyuma ya ukuta anasikiliza kama habari za saa moja.

Hatua ya 5: Kiswahili chako kinakatwa kichwa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu mafundisho mengi ya mawasiliano ya mchezo yameandikwa na watu wa lugha nyingine, na shida yetu hawaijui.

Kiswahili ni lugha nzuri mno ya vita. “Wamenizunguka.” “Ameniona.” “Nifunike.” Neno moja, habari kamili. Lakini tazama habari inakaa wapi: mbele. Nani kafanya na nani kafanyiwa viko kwenye silabi za kwanza. Na silabi ya kwanza ndiyo inayoliwa na kitufe ulichobonyeza kwa kuchelewa, au na mtandao ulioyumba. “Nimemwangusha” inafika “...angusha”. “Ameniangusha” nayo inafika “...angusha”. Mmoja ni furaha, mwingine ni msiba, na mwenzako hajui akimbilie wapi.

Kukanusha ndiko kunakoua kabisa. “Hawako” ikipoteza kichwa inabaki “wako”. Umewaambia nyumba ni tupu, wao wamesikia imejaa. Au kinyume chake, ukiwa na bahati mbaya zaidi, mtu aliyezoea kukatwa anajaza “ha” kichwani mwake mahali ambapo haikuwapo, anaingia mlango akiimba.

Dawa ni tatu. Kwanza, bonyeza, vuta pumzi nusu, ndipo useme. Na ukimaliza, usiachie kidole papo hapo. Pili, anza na jina la unayemwambia: “Yaya, nimemwangusha.” Jina likiliwa, si hasara, kitenzi kimefika kizima. Tena jina lingewaokoa wale wawili wa kilimani, maana wangejua mama hakuwaita wao. Tatu, acheni kukanusha kwa “ha”. Nyumba tupu iitwe “safi”. Usiseme “siendi”, sema “nabaki”. Usiseme “hajafa”, sema “mzima”. Tulichukua wiki moja kuzoea, na tulicheka sana, ila makosa yalipungua siku ya tatu tu.

Pande nazo zina fitina yake. Sisi husema “kuume”, kijana wa Dar es Salaam anasema “kulia”, mwingine anasema “droite”. Hata mkikubaliana neno, kulia kwangu si kulia kwako tukiwa tumetazamana. Tumieni kitu kinachoonekana, kama mti mmoja, gari bovu au paa jekundu, au namba ya dira iliyo juu ya kioo.

Na namba zenyewe, zisemeni tarakimu moja moja. Sisi Wakongo tunahesabu kwa Kifaransa cha Wabelgiji: septante (70), nonante (90). Siku moja tulicheza na kijana wa Abidjan. Adui alikuwa kwenye 90 ya dira, yeye akasema “quatre-vingt-dix”, yaani themanini na kumi. Mwenzetu aliposikia “quatre-vingt” akageuka 80 na kuanza kufyatua; “dix” ilimkuta ameshaangalia mti usio na mtu. Siku hizi ni “tisa, sifuri”. “Mbili, nne, sifuri.” Hata mtu wa Kinshasa ambaye Kiswahili chake ni cha kubahatisha anajifunza namba kumi hizi kwa mechi mbili.

Mpango wa sentensi basi uwe huu: jina, mahali, idadi, unachotaka. “Yaya, tisa sifuri, wawili, nifunike.” Ukishasema, achia. Aliyekufa anyamaze, isipokuwa kutaja mara moja mahali alipopigwa risasi. Najua inauma kunyamaza ukiwa umekufa na unaona kila kitu, lakini waliobaki wanahitaji kusikia nyayo.

Hatua ya 6: Alama kwanza, mdomo baadaye

Apex Legends ilipotoka mwaka 2019, watu waliisifu kwa jambo hili: unalenga kitu, unabonyeza, na wenzako wote wanaona alama pamoja na maelezo yake, iwe ni adui, silaha au njia, hata kama hamna lugha moja. Michezo mingi ya simu sasa ina kitu cha namna hiyo. Alama haina lafudhi, haikatwi kichwa, haili mega za maana, na haimwamshi mtoto.

Pamoja nayo kuna jumbe zilizo tayari, zile unazochagua kwenye duara au orodha. Usiziache zilivyokuja. Ingia kwenye mipangilio kabla ya mechi, ondoa za utani, weka nne au tano mnazotumia kweli: nahitaji risasi, nahitaji dawa, adui mbele, rudini, nisubirini. Kwa mtu asiyesikia, hizi na alama ndizo sauti yake. Basi mkiwa na mwenzenu kiziwi, kanuni ni nyepesi: hakuna jambo la lazima linalosemwa bila kuwekewa alama.

Hatua ya 7: Maandishi yana saa yake

Kuandika katikati ya risasi ni kujiua, hilo kila mtu ameshalijaribu. Lakini kuna nyakati nne ambapo maandishi hayana mpinzani: kwenye lobi, pale mnaposubiri mechi, mkipanga, mnaporuka kutoka ndegeni au kuokota vitu mwanzoni, mkiwa mmejificha na hatari iko mbali, na baada ya mechi.

Weka kibodi ya Kiswahili. Gboard, kibodi ya Google, inayo, na unaweza kuiweka pamoja na Kifaransa. Kibodi ya Kifaransa peke yake inasahihisha Kiswahili kana kwamba ni makosa: niliandika “rudi”, simu ikatuma “rude”, na rafiki akafikiri namtukana. Ukishindwa, zima kujisahihisha kabisa.

Vifupisho vikubaliwe na wote kabla. Sisi tuna sita tu, na hakuna viwili vinavyofanana. Msijaribu kutumia “k”, maana kulia, kushoto, kaa, kimbia na kufa vyote vinaanza nayo.

Miadi iandikwe, isisemwe. Andika 20:00, na uongeze “saa ya Lubumbashi”. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja, Dar es Salaam iko mbele saa moja, Bukavu na Goma wako sawa na sisi. Mtu aliyeambiwa “tukutane saa mbili” kwa mdomo anakuja wakati anaoujua yeye. Bandikeni ujumbe huo juu ya kundi lenu ili asiwepo wa kusema hakuuona.

Kuhusu sauti za kurekodi za WhatsApp: ni nzuri baada ya mechi, kueleza kosa bila kugombana. Za dakika nne hakuna anayezisikiliza mpaka mwisho.

Michezo ya watu wawili, kama mpira wa eFootball au draftsi, haihitaji yote haya. Salimia kwa maandishi, cheza, aga.

Hatua ya 8: Na watu usiowajua

Hapa msimamo wangu hauna mjadala: anza kwa maandishi, mikro ifunguliwe baadaye, na kwa watu ambao wameshacheza nawe mara kadhaa. Sauti inatoa mengi kuliko unavyodhani. Inasema umri wako, inasema kama wewe ni msichana, inasema unatoka wapi, na nyuma yako inatoa mlango, jina unaloitwa nyumbani na saa mnayokula. Dada zetu wanaocheza wanajua vizuri: neno la kwanza tu wakilisema, mechi inageuka kuwa maswali au matusi. Atakayechagua kuandika asilazimishwe kueleza sababu.

Watoto wafundishwe mapema kwamba komini, avenyu na shule havitajwi, si kwa mdomo wala kwa vidole. Anayeomba namba ya siri ya akaunti au ya pesa za simu, hata kama anajiita mfanyakazi wa mchezo, ni mwizi.

Maandishi yana faida moja zaidi: yanabaki. Tusi lililosemwa limepotea hewani, lakini lililoandikwa unalipiga picha ya kioo, kisha unabonyeza jina la mtu huyo, unamripoti, na unamnyamazisha. Fanya hivyo kwa mfuatano huo huo, kwa sababu ukimnyamazisha kwanza, kwenye michezo mingine ujumbe wake unafichwa na ushahidi unapotea machoni. Usijibu tusi. Jibu lako nalo litapigwa picha.

Hatua ya 9: Umeme ukikatika

Utakatika. Wai-fai ya nyumbani inakufa, simu inahama kwenye mega, na mara nyingi mchezo unakurudisha uwanjani lakini chaneli ya sauti inabaki imekufa bila kukuambia. Unasema peke yako kama mtu anayeota. Kwa hiyo ukirudi, weka alama yoyote kwanza, na usubiri mwenzako akujibu kwa sauti. Usiposikia kitu ndani ya sekunde tano, toka kwenye chaneli na uingie tena, au malizia mechi kwa alama tu.

Na kama hakuna namna ya kurudi, kubalianeni neno moja la kutuma kwenye kundi kwa salio dogo lililobaki. Letu ni “giza”. Aliyeandika giza haulizwi kitu. Waliobaki wanagawana risasi zake, wanamalizia mechi, na nafasi yake kwenye lobi haipewi mgeni mpaka kesho yake.